Somo: Kumlisha mtoto kwa mpira wa puani mkiwa nyumbani

Habari zenu wazazi na walezi. Somo hili limeombwa sana, hasa na walioruhusiwa hospitali karibuni na sasa wako nyumbani na mtoto mwenye mpira puani, yaani mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Wengine ni watoto njiti ambao bado hawajajua kunyonya na kumeza kwa mpangilio, wengine wana ugonjwa wa moyo na huchoka kabla hawajashiba, wengine wana mtindio wa ubongo na hupaliwa karibu kila wanapomeza. Sifundishi kuingiza mpira. Nazungumza na wewe ambaye muuguzi alikuelekeza, ukafanya mbele yake, akaridhika.

Nitalirudia jambo moja hadi mnichoke: hakuna mlo bila kwanza kuhakikisha ncha ya mpira iko tumboni. Njia ya hewa na njia ya chakula zinakutana kooni. Mtoto akikohoa sana, akitapika au akiuvuta kwa mkono, ncha inaweza kuhama. Maziwa yakiingia mapafuni yanaweza kuleta nimonia kali, hata kifo. Asubuhi umepima, mchana unapima tena, na usiku wa manane unapima vilevile.

Hatua ya 1: Andaa. Nawa mikono kwa sabuni. Weka karibu bomba la sindano kubwa (la ml 50 au 60), karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi), maji na maziwa yasiyo ya moto wala baridi. Usitumie bomba dogo kuliko ulilopewa. Bomba jembamba lina msukumo mkali na linaweza kupasua mpira.

Hatua ya 2: Muinue. Kichwa na kifua viwe juu, kati ya nyuzi 30 na 45. Kichanga mpakate.

Hatua ya 3: Soma alama puani. Namba iliyopo kwenye tundu la pua lazima ifanane na ile uliyoandikiwa hospitali. Angalia plasta haijaachia, kisha mchungulie mdomoni, maana mpira unaweza kujikunja nyuma ya koo huku puani ukionekana uko sawa.

Hatua ya 4: Vuta majimaji, upime. Hapa usiharakishe. Vuta polepole, ukipata hata kidogo inatosha. Dondosha kwenye karatasi, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo la karatasi hizo, halafu isogeze karatasi ubavuni mwa kopo, rangi kwa rangi, kwenye mwanga wa kutosha. Ikiwa ni 5.5 au chini, hiyo ni asidi ya tumbo, unaweza kulisha.

Hupati kitu? Mlaze ubavu wa kushoto, ingiza hewa kidogo sana kwa kiasi ulichoelekezwa ili ncha ibanduke kwenye ukuta wa tumbo, subiri dakika 15 hadi 30, uvute tena. Bado hakuna, au karatasi inasoma zaidi ya 5.5? Usilishe. Piga simu kwa wahudumu wako.

Najua wapo waliofundishwa kusukuma hewa na kusikiliza mlio tumboni, au kutumbukiza ncha ya nje kwenye maji na kutazama mapovu. Tafadhali msitegemee njia hizo. Mlio unaweza kusikika tumboni hata mpira ukiwa mapafuni.

Hatua ya 5: Acha maziwa yashuke yenyewe. Chomoa kijiti cha kusukumia, bana mpira kwa vidole, unganisha bomba, mimina maziwa, kisha achia. Ukiliinua bomba yanakwenda haraka, ukilishusha yanapungua mwendo. Mlo uchukue kama dakika 15 hadi 30. Ongeza maziwa kabla bomba halijakauka ili hewa isiingie, na usisukume kwa nguvu. Macho yako yawe usoni kwa mtoto. Akianza kukohoa, kupumua kwa shida au kubadilika rangi midomoni, bana mpira papo hapo, acha kulisha, muinue, uite msaada wa dharura.

Kama wataalamu wameruhusu, mpe chuchu bandia anyonye wakati maziwa yanashuka. Inamsaidia kuhusisha kunyonya na kushiba.

Hatua ya 6: Suuza, funga. Pitisha maji kwa kiasi ulichopangiwa (vichanga na wenye ugonjwa wa moyo hupimiwa maji, usijiongezee), funga kizibo, na abaki ameinuka angalau dakika 30.

Maswali ya wanachama

*Ahsante kwa somo dada. Wangu anatumia omeprazole na karatasi mara nyingi inasoma 6. Nifanyeje?*

Mama, dawa za kupunguza asidi hupandisha kipimo, na maziwa ya mlo uliopita pia. Ukisubiri kidogo ukapima tena huenda kikashuka. Lakini usijipangie kwamba 6 ni sawa kwake. Waombe wakuandikie mpango wa mtoto wako mwenyewe, na hadi upate, kila ikisoma hivyo wapigie.

*Mimi ni baba, zamu ya usiku ni yangu. Naweza kuchanganya dawa zote kwenye maziwa niokoe muda?*

Hapana, baba. Asipomaliza maziwa hutajua amepata dawa kiasi gani, na dawa nyingine zikikutana huganda na kuziba mpira. Pitisha moja, maji kidogo, nyingine, maji tena. Na usisage kidonge kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vingine vimetengenezwa kuyeyuka taratibu.

*Mpira ukiziba je?*

Maji ya uvuguvugu, kwa bomba kubwa, vuta na sukuma taratibu sana. Usitumie soda, usiingize waya. Usipofunguka, nenda ukabadilishiwe.

*Bibi yake yuko tayari kunisaidia, na mimi nimechoka mno. Nimfundishe mwenyewe?*

Pole sana mama, uchovu huo naujua. Mpeleke bibi kwa muuguzi afundishwe kama ulivyofundishwa wewe, afanye kwa mikono yake akiangaliwa. Kabla ya hapo abaki na kuosha vifaa, kumpakata na kuandika muda na kiasi, wewe ulale kati ya mlo na mlo. Ombeni miadi wiki hii hii, msingoje kliniki ijayo.

*Akiuchomoa usiku?*

Ukiwa umetoka nusu katikati ya mlo, bana, utoe wote. Usiurudishe kama hukufundishwa. Kisha piga simu mara moja uwaambie alikula lini mara ya mwisho, maana mtoto mdogo au ambaye sukari yake ya damu hushuka hawezi kungoja hadi asubuhi bila kula.