Kabla ya Kununua Gari Italia, Toa Visura: Kwa Ndugu Zetu wa Malindi na Pwani Nzima

Ndugu yangu uliyeko Brescia, Torino, Napoli au popote pale Italia, kama huna muda wa kusoma yote, shika hili moja: usitoe hata senti kununua gari lililotumika kabla hujatoa visura, yaani karatasi ya taarifa za gari, kwa namba yake kutoka PRA, ile rejesta ya magari inayosimamiwa na ACI, chama cha magari cha Italia. Usitegemee maneno ya mwenye gari, wala libretto (hati ya usajili wa gari), wala karani wa ajensia ya magari. Na niwie radhi kwa hili, usitegemee hata ami yako aliyeko Malindi.

Mambo ya nyumbani unayajua. Mtu akikuuzia Probox unaingia eCitizen, unalipia upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, unaona gari ni la nani, na kama lina mkopo jina la benki limo kwenye logbook pamoja na la mwenyewe. Italia kuna mzigo wa aina nyingine, nao ndio ulioninasa.

Unaitwa fermo amministrativo. Mtu asipolipa kodi, au faini zake za barabarani zikirundikana, shirika la serikali la kukusanya madeni, Agenzia delle Entrate-Riscossione, humpelekea onyo la siku 30. Zikipita hajalipa wala hajaomba kulipa kwa awamu, gari lake linafungiwa ndani ya rejesta ya PRA. Huoni mnyororo kwenye tairi wala kibandiko kwenye kioo. Gari liko pale pale nje ya nyumba, limeoshwa, linawaka vizuri, lakini kisheria haliruhusiwi kutembea barabarani. Na mtego wenyewe uko hapa: gari hilo linaweza kuuzwa. Umiliki utahamishwa, jina lako litaandikwa, ushuru utalipa, na fermo itabaki juu ya gari. Deni ni la yule aliyekuuzia, ila gari lisilotembea ni lako.

Aliyeniuzia mimi ni Mtaliano aliyewahi kuwa na nyumba Casuarina, kule Malindi. Ami alimjua vizuri, akanitumia ujumbe wa sauti: "Huyo ni mtu wetu, mwanangu. Amekula pilau barazani kwangu, hawezi kukudhulumu." Gari lilikuwa safi na bei nzuri. Tukaenda ajensia, tukatia saini, karani akagonga mihuri, nikalipa. Hakuna aliyetaja kizuizi. Nikaliendesha mpaka asubuhi moja nikielekea kazini, askari wakanisimamisha, ukaguzi wa kawaida tu. Kijana mmoja alichukua libretto akaenda nayo kwenye gari lao. Alirudi ameishika kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole kama ninajua gari hili lina fermo. Likapandishwa kwenye gari la kuvuta mbele ya macho yangu, nami nikabaki kando ya barabara na mkoba wa chakula cha mchana.

Faini yake inaanzia karibu euro 2,000. Ongeza gharama za kulivuta na za yadi linakolazwa, kila siku ina bei yake. Na lau ningepata ajali, kampuni ya bima ingeweza kuwalipa walioumia kisha ikanigeukia mimi nirudishe.

Kwa hiyo narudia: visura. Namba ya gari inatosha, huhitaji ruhusa ya mwenyewe. Unaitoa ofisi ya PRA, kwenye ajensia yoyote ya shughuli za magari, au kwenye tovuti ya ACI, kwa euro chache tu, hazifiki bei ya piza na soda. Itoe mara mbili: unapoanza kupatana bei, na tena asubuhi ile ile ya kutia saini, maana fermo inaweza kuingia katikati. Isome mpaka mstari wa mwisho. Ukikuta neno fermo, ipoteca (rehani) au pignoramento (gari kukamatwa kwa deni), simama hapo hapo. Muuzaji akisema ni jambo dogo, atalimaliza wiki ijayo, mwambie alimalize kwanza, uone visura safi, ndipo mzungumze. Akinuna, mwache anune.

Wala mtu asikwambie libretto yake ni safi. Karatasi ile inaonyesha hali ya siku ilipochapishwa. Kizuizi kilichoingia baadaye hakimo.

Kinachoniuma zaidi ni ule ukimya. Mtaliano ni mtu mkunjufu, atakulipia kahawa, atakuuliza hali ya mama yako. Ofisini hivyo havipo. Usipouliza hujibiwi, hata kama jibu liko kwenye kompyuta mbele ya karani. Kwetu hata mpita njia angekuvuta pembeni akakunong'oneza, "Kaka, gari hili lina maneno." Siwaiti watu wabaya. Ni nchi ambayo kila nyumba ina mhasibu wake na fundi wake wa miaka mingi, na mgeni asiye na hao anadhaniwa naye anao. Basi tafuta wako. Fundi mwaminifu wa mtaani kwako ana faida kuliko marafiki wengi.

Na nyinyi wazee wetu mlioko Malindi, kwa heshima zote: Mtaliano mnayemjua huko yuko mapumzikoni. Hamjaziona barua zinazomngoja kwake. Wema wake kwenu ni wa kweli, nami sikatai, lakini haumwondolei deni la serikali yao. Msitudhaminie watu. Na lile ombi la "ukichoka nalo tuletee" pia tuliache. Magari ya huku yana usukani wa kushoto, na Kenya haisajili hayo kwa matumizi ya kawaida, wala gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Kuhusu gari lenyewe, magari mazuri hapa ni ya wazee. Mzee kanunua Panda au Yaris mpya, akailaza gereji, akaipeleka sokoni na kanisani, huduma zote kwa fundi mmoja na risiti zipo. Watoto wake wako mji mwingine, ndiyo maana linauzwa. Inahuzunisha kuona mtu wa miaka 80 anaishi peke yake hivyo, lakini gari lake linunue. Nenda injini ikiwa baridi, gusa boneti kabla hujasalimia; ukikuta ya moto, wameiwasha mapema kwa sababu. Kilomita zilizosomwa kwenye revisione (ukaguzi wa gari) ya mwisho unaziona bure kwenye Portale dell'Automobilista, tovuti ya serikali ya mambo ya magari, nawe linganisha na ulikaji wa pedali na usukani. La gesi ya GPL, uliza tarehe ya tangi, maana hubadilishwa kila baada ya miaka 10. Dizeli iache kama unakaa mjini: tangu Oktoba 2022 hata dizeli ya Euro 5 imezuiwa Area B, eneo la Milano lenye vizuizi vya magari yanayochafua hewa, siku za kazi.

Mengine ni ya kawaida: permesso (kibali cha kuishi), codice fiscale (namba ya kodi) na kitambulisho mkononi, passaggio di proprietà (kuhamisha umiliki) ndani ya siku 60, bima kabla ya kuwasha, na leseni ya Kenya haikufikishi zaidi ya mwaka mmoja tangu uandikishe ukaazi. Pesa taslimu ni chini ya euro 5,000 tu, kwa hiyo lipa kupitia benki, uwe na ushahidi.

Kama fermo imeshakunasa, usiliendeshe tena, hata kulisogeza mtaa wa pili. Mwandikie muuzaji kwa raccomandata (barua ya rejista) yenye risiti ya kupokelewa, umtake alipe deni au akurudishie pesa. Akikubaliana na Riscossione kulipa kwa awamu, akishalipa ile ya kwanza anaweza kuomba fermo isimamishwe, nawe ukaendesha wakati yeye anaendelea kulipa. Msukume kwa njia hiyo kwanza, ndiyo ya haraka. Akikataa, sheria inakupa haki ya kudai mauzo yavunjwe au bei ipunguzwe, ila kesi za madai huku huchukua miaka, na wakili analipwa kabla yako. Vyama vya kutetea wanunuzi vitakushauri kwa ada ndogo ya uanachama. Anzia huko.

Langu liko kwa wakili. Ami ameapa kumkabili yule mtu akija Malindi Desemba. Nimemwomba amwitikie salamu tu, habari ya gari asiiguse, kwa sababu neno lolote atakalolitoa pale barazani linaweza kutuharibia madai huku.