Kuchagua Mashine Nafuu ya Kuchomelea na Vifaa vya Kinga kwa Kazi za Nyumbani

Anayetaka kujifunza kuchomelea vyuma kwa kujifurahisha atenge kwanza fedha za kofia, glavu, nguo na kinga ya pumzi, na kiasi kitakachosalia ndicho kimwelekeze katika kuchagua mashine. Kwa kazi kama lango dogo, meza au fremu ya rafu, mashine ya kiasi inatosha, lakini hakuna kazi ndogo kiasi cha kuondoa haja ya kulinda macho.

Kwa bajeti finyu, naona mashine ya inveta (inayobadili umeme kwa saketi za kielektroniki) inayotumia elektrodi, yaani fimbo ya chuma iliyopakwa dawa na inayoyeyuka wakati wa kuchomelea, ndiyo inayofaa zaidi. Ni nyepesi kuliko ile ya transfoma, haihitaji mtungi wa gesi, na huweza kutumika nje penye upepo, ambako mashine ya MIG yenye gesi, ile inayosukuma waya wa kuchomelea yenyewe, hupata shida kwa kuwa upepo hupeperusha gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka. MIG ni rahisi zaidi kujifunza na hufaa mabati membamba, ila gharama ya mtungi na gesi huongezeka juu ya bei ya mashine. TIG, inayotumia ncha ya tungsteni isiyoyeyuka na gesi, isubiri.

Usivutwe na tarakimu kubwa iliyochapishwa ubavuni mwa mashine. Elektrodi ya milimita 2.5 huhitaji takribani ampea 60 hadi 90, na ya milimita 3.2 takribani 90 hadi 130. Kwa hiyo mashine inayotoa ampea 140 za kweli hukidhi sehemu kubwa ya kazi za nyumbani. Linalofaa kuchunguzwa ni kibao cha maelezo, ambacho huonyesha asilimia ya muda ambao mashine inaweza kuchomelea katika kila dakika 10 kwa kiwango fulani cha ampea. Ikiandikwa asilimia 30 kwa ampea 120, maana yake ni dakika 3 za kuchomelea na 7 za kupoa. Mashine isiyo na maelezo hayo iache dukani, hata kama bei yake inashawishi.

Kabla ya kulipa, linganisha mahitaji ya mashine na umeme wa nyumbani. Mashine ya volti 230 inapotoa ampea 140 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 ukutani, kiwango ambacho soketi ya kawaida ya ampea 13 haikutengenezewa. Fundi umeme athibitishe waya na kikata umeme, na waya wa kurefushia uwe mnene na ukunjuliwe wote, kwani ukiachwa umeviringishwa hupata joto.

Kofia inayojifanya nyeusi yenyewe humsaidia sana mwanafunzi, kwa sababu huona mahali pa kuanzia huku mikono yote miwili ikiwa na kazi. Tafuta yenye alama ya viwango vinavyotambulika, kama ANSI Z87.1 cha Marekani au EN 379 cha Ulaya, na yenye giza linaloweza kurekebishwa. Giza la namba 10 au 11 hufaa kwa ampea nilizotaja. Fedha zikiwa chache, kofia ya kioo cheusi cha kudumu ni salama kuliko ya kujigeuza isiyo na alama yoyote. Miwani ya jua haifai hata kidogo: mionzi ya urujuanimno huunguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na maumivu, kama ya mchanga machoni, huja saa kadhaa baadaye. Ndani ya kofia vaa miwani ya kinga, maana magamba yanayogongwa baada ya kuchomelea huruka yakiwa bado na moto.

Glavu ziwe za ngozi, ndefu kupita kifundo. Nguo ziwe za pamba nzito, zenye mikono mirefu na zisizo na mafuta, kwa kuwa poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi. Suruali ifunike buti za ngozi ili cheche zisiingie.

Moshi hupuuzwa mno. Chomelea mahali penye hewa ya kutosha, ukae kando ya moshi, na uvae barakoa yenye vichujio vya chembechembe, si ya kitambaa. Mabati yenye zinki yasuguliwe kwanza hadi chuma kitupu, kwani mvuke wake huleta homa na kichefuchefu. Kamwe usisafishe chuma kwa kiyeyusho chenye klorini kabla ya kuchomelea: mabaki yake yakikutana na mwali huweza kutoa gesi ya fosjini, ambayo huua.

Kizima moto cha unga mkavu kiwe karibu, na ubaki eneo la kazi kwa angalau nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu cheche iliyojificha huweza kuwasha moto wewe ukiwa umeshaondoka.