Rimoti ya gari ikigoma, anza na gari lenyewe

Wateja wengi wanaonijia hapa Kibuye, Kisumu, wameshaambiwa na jirani kwamba rimoti imekufa na wanunue nyingine. Subiri kwanza.

Kama umefungiwa nje, angalia pembeni au nyuma ya rimoti. Kuna kidude cha kusukuma kwa kucha, na ndani yake ufunguo mdogo wa chuma. Tundu lake liko mlango wa dereva, mara nyingine chini ya kifuniko cha plastiki. Alamu ikilia usitishike. Ingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Hivyo ndivyo Toyota na Nissan nyingi za kitufe zinavyowaka betri ya rimoti ikiisha, kwa sababu chipu ya kuzuia wizi haitumii betri hiyo. Inapata nguvu kutoka kwa gari.

Likiwaka, shuku betri ya rimoti. Lisipowaka na taa za ndani ni hafifu, iache rimoti kabisa. Gari lenyewe ndilo halina moto, na linashindwa hata kuisikia. Pima betri kubwa: volti 12.6 ni nzima, chini ya 12 ina njaa. Aliye na rimoti ya pili aijaribu pia. Zote mbili zikikataa, huenda kosa si la rimoti.

Sasa ifungue. Soma namba iliyoandikwa kwenye betri, usikadirie kwa macho. CR2032 na CR2025 zote ni za volti 3 na upana wa milimita 20, ila ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Dukani utaambiwa "zote ni moja tu, chukua hii." Si moja. Ile nyembamba inachezacheza, na rimoti inaitika pale tu unapoifinya kwa nguvu. Shika betri mpya kwa kingo, maana mafuta ya vidole hayafai pale. Ile ya zamani usiiache mezani: mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa 2, na hapo ni hospitali mbio.

Betri ni mpya na bado kimya? Chunguza vile vibati vinavyoishika. Nimefungua rimoti ya mama mmoja muuza omena, vibati vimeota ukungu wa kijani na chumvi imekauka chini ya vitufe. Pamba na spiriti kidogo, ikarudi. Iliyoanguka majini toa betri papo hapo, isafishe vivyo hivyo, uikaushe kivulini. Juu ya dashibodi juani utaiunguza.

Na tafadhali, usiielekeze kwenye kamera ya simu ukitafuta mwanga kama wa rimoti ya televisheni. Hii inatumia mawimbi ya redio. Ndiyo maana pia inaweza kukataa karibu na mnara wa mawasiliano, kisha ikafanya kazi kwingine.

Ikibidi ununue, usidanganywe na ganda linalofanana. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi husikia mawimbi ya karibu megahezi 315, la Uingereza 433.92. Mawimbi ya rimoti na ya gari yakipishana, hakuna programu itakayoyapatanisha. Mpe fundi na rimoti yako ya zamani, kwani kuna kazi za kuprogramu zinazofuta kwenye gari rimoti zisizokuwepo. Zijaribu rimoti zote, kwa kufunga, kufungua na kuwasha, kabla hujamtumia pesa.