Somo: Kusikiliza roki iliyoimbwa kwa sauti tupu

Ndugu zangu, baada ya mazoezi ya kwaya ya Alhamisi wengi mlinieleza kuwa roki ya akapela, yaani ya sauti za watu bila ala, hamuipatii ladha. Mimi naipenda sana, na nataka muipende. Tutatumia wimbo mmoja: "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen wa mwaka 1975, kisha toleo la kundi la akapela Pentatonix la 2017. Nimeuchagua kwa kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja, 1946. Ni mtoto wa pwani hii.

Hatua ya 1. Sikiliza wimbo wa asili mara mbili, kwa hedifoni, mahali pametulia. Ndani ya feri ya Likoni, hapa Mombasa, hutasikia kitu. Mimi hukaa bustani ya Mama Ngina alfajiri, jua halijawa kali. Mara ya pili achana na maneno, fuata gitaa la besi peke yake.

Hatua ya 2. Fungua toleo la akapela, ujue nani kabeba nini. Pentatonix ni watu watano. Kevin Olusola ndiye ngoma, kwa mdomo, na besi ni Avi Kaplan, aliyeondoka kundini mwaka huohuo. Watatu waliobaki wanagawana piano, gitaa na maneno. Watu husifu kile kipande cha opera. Kwangu mtihani hauko hapo, maana hata kwa Queen kilikuwa sauti za watu: Mercury, Brian May na Roger Taylor walizirekodi tabaka juu ya tabaka. Mtihani uko kwenye gitaa.

Hatua ya 3. Hapa tukae kidogo. Gitaa la roki lenye mkwaruzo mara nyingi hupigwa noti mbili tu za solfa, do na so. Mi, ile ya katikati yao, haimo. Mkwaruzo huzalisha sauti nyingine juu ya kila noti, na mi ikiingia zinagombana. Sisi wanakwaya tumezoea do-mi-so, kwa hiyo tukiimba gitaa hutoka tenzi ya Jumapili. Jaribuni: wawili washike do na so kwa "jun-jun", nzito, kisha wa tatu aingize mi. Tulipojaribu, mi ilipoingia tu, mwenzetu mmoja alikunja mikono kifuani kama wakati wa sala. Kundi linalojua kuiacha mi nje mahali pake, hilo limeielewa roki.

Hatua ya 4. Tafuta pumzi. Gitaa halipumui, mtu hupumua. Waimbaji wazuri hupokezana: huyu akivuta, yule ameshikilia, na wewe husikii pengo. Tuliporekodi sisi, fundi alizifuta pumzi zetu zote akidhani ni uchafu. Nilimsihi azirudishe. Ile "hhh" ndogo kabla ya kiitikio ndiyo inayokwambia kuna kifua cha mtu pale.

MASWALI YA WANACHAMA

Alto wa Kisauni: Mwalimu, solfa sijui. Mi nitaijuaje?

Jibu: Dadangu, unaijua. Kabla ya wimbo mwalimu wa kwaya anapowapa sauti, do-mi-so-do, ni ile ya pili. Ndiyo inayoufanya wimbo uchangamke. Iondoe, usikie unavyokauka.

Abuu wa Mji wa Kale: Kaka, kuna kundi la Van Canto wa Ujerumani. Wana mpiga ngoma na ngoma zake kamili. Hiyo bado akapela?

Jibu: Ukishika sheria, kaka, siyo. Lakini magitaa yote pale ni koo za watu. Mimi huwasikiliza kama qasida yenye dufu: dufu linashika mwendo, sikio langu liko kwa waimbaji.

Mama wa Bamburi: Mwanangu yuko kidato cha pili, anapiga ngoma kwa mdomo mpaka usiku. Nimkataze?

Jibu: Usimkataze, mama. "B" ya midomo ni ngoma kubwa, "ts" ni matoazi, "k" ni ile ngoma kali ya juu. Mwambie apige b-ts-k-ts polepole, nawe piga makofi. Anywe maji, koo lisikauke. Akidumu ndani ya makofi yako dakika tatu bila kukimbia, mlete Alhamisi. Besi tunao wanne, wa ngoma hatuna hata mmoja.