Kupaka mishale ya mbao na ya matete: anza kwa kufikiria gundi

Kabla ya kuchagua vanishi, jiulize manyoya utayabandika kwa gundi gani. Gundi haitagusa mti. Itashika kile ulichoupaka. Mafuta ya kitani yanaupendezesha mti na ni rahisi kuyarudia, ila hukauka polepole, na gundi hushika vibaya juu ya mafuta ambayo hayajakauka. Nta isifike kabisa penye manyoya. Mshale utakaoanguka kwenye nyasi zenye umande, mimi huupaka vanishi ya poliuretani.

Hatua ya 1. Nyoosha uti, yaani fimbo ya mshale, kwanza. Kama unahitaji moto, upashe sasa, maana uti ukishapakwa, moto utaiharibu vanishi.

Hatua ya 2. Piga msasa namba 220, kisha 320, ukifuata nyuzi za mti. Halafu pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ukauke. Telezesha kidole: utasikia vinyweleo vimesimama kama ndevu za siku mbili. Viondoe kwa 320, mkono mwepesi. Wanaoruka hatua hii hupata vanishi inayokwaruza, wakailaumu vanishi.

Tete lina mambo yake. Ganda lake linalong'aa ndilo kinga yake, basi usilimalize kwa msasa. Sawazisha vifundo tu, na pakwaruze kidogo pale manyoya yatakapokaa.

Hatua ya 3. Futa vumbi, kisha paka. Chovya kitambaa kisichoacha nyuzi, kifumbate kuzunguka uti, vuta mara moja mpaka mwisho. Usirudi nyuma. Mikono mitatu myembamba ya vanishi, yaani kupaka mara tatu, inashinda mmoja mzito unaochuruzika. Seti nzima ipate mikono sawa, kwa sababu vanishi ina uzito. Pale kigumba (kichwa cha mshale) kitakapogundishwa pabaki patupu. Ncha nyingine yoyote itakayobaki wazi inyweshe vanishi vizuri, maana unyevu huingilia hapo kuliko ubavuni.

Hatua ya 4. Baada ya kila mkono, ining'inize mishale wima usiku kucha, na kabla ya mkono unaofuata ikwaruze kwa msasa 400.

Hatua ya 5. Bandika unyoya mmoja kwenye kipande cha majaribio, uuvute kesho yake. Ukichanika huku shina lake limeng'ang'ania, endelea. Ukibanduka mzima, ngoja vanishi ikauke zaidi au badilisha gundi.

Matambara ya mafuta ya kitani usiyarundike: hujipasha yenyewe hadi yakawaka. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakakamae.