SOMO: Chemsha bongo ya darasa zima kwa simu moja tu ya mwalimu

Habari zenu wakuu. Kila mara naulizwa gemu darasani itawezekanaje wakati watoto hawaruhusiwi kuja na simu shule na kompyuta zenyewe zimefunikwa kitambaa ofisini, sasa leo naiweka hapa njia ninayotumia darasa la sita, mtoto anahitaji kipande cha karatasi tu na simu ni moja, ya kwako wewe, yenye kamera na bando la kawaida.

Kitu chenyewe kinaitwa Plickers, ni programu ya simu yenye tovuti yake. Kila mtoto anapewa kadi yenye umbo jeusi la kona kona, kila kadi umbo lake na namba yake, halafu pande zote nne kuna herufi A, B, C na D zimeandikwa kidogo sana. Mtoto akitaka kujibu B anaigeuza kadi mpaka B iwe juu, anainyanyua, wewe unapitisha kamera taratibu na simu inasoma nani kajibu nini. Hakuna kunyoosha kidole wala "mimi ticha mimi ticha", hata yule wa nyuma kabisa ambaye tangu muhula uanze hujasikia sauti yake anajibu.

HATUA YA 1: KADI
Ingia tovuti ya Plickers, kadi zinapatikana bure, kuna seti ya 40 na seti ya 63. Zile za kawaida zinakaa mbili kwenye karatasi moja ya A4. Printi nyeusi iliyokolea, ukipeleka sehemu mashine yao wino umeisha na weusi unatoka kijivu achana nao, nenda kwingine, maana kamera inatafuta tofauti ya nyeusi na nyeupe. Ukishakata gundisha kwenye manila au ubavu wa boksi zisijikunje. Lamination ya kung'aa siipendi, mwanga wa dirishani ukiipiga kadi inakuwa kioo na simu haioni kitu.

HATUA YA 2: AKAUNTI NA MAJINA
Fungua akaunti, tengeneza darasa, kila mtoto mpe namba ya kadi. Zipange namba kwa mistari ya madawati, mfano mstari wa dirishani 1 mpaka 10, unaofuata 11 mpaka 20, hii itakusaidia kwenye pointi huko chini. Majina kamili ya watoto hayana haja kuwekwa mtandaoni, weka jina la kwanza au namba ya daftari inatosha.

HATUA YA 3: MASWALI (hapa msipite haraka)
Watu wengi wanaweka jibu moja sahihi na matatu ya kujazia tu, matokeo yake gemu inachangamka lakini wewe hujajua chochote. Jibu la uongo litoe kwenye madaftari yao wenyewe. Angalia hili:

1/2 + 1/3 = ?
A. 2/5
B. 5/6
C. 1/6
D. 2/6

Aliyenyanyua A kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wa C kazidisha. Wa D huyo asili ya 6 kaipata vizuri ila za juu kaziacha vile vile hakuzibadilisha, yaani yupo karibu kabisa, ukimrudisha mwanzo kabisa wa sehemu unamchosha bure. Kwa hiyo swali moja limeshakuambia makundi matatu yanayohitaji msaada tofauti na hujasahihisha daftari hata moja. Nikiandaa kipindi hutumia muda mwingi kutafuta haya majibu ya uongo kuliko kitu kingine chochote, na maswali manne matano yanatosha, ukiweka ishirini inageuka mtihani.

Sayansi pia inakubali. "Kwa nini tunauona mwezi unang'aa usiku", weka kwamba una moto wake, kwamba unaakisi mwanga wa jua, kwamba umewashwa na nyota, uone vidole vitakavyotetemeka kugeuza kadi.

HATUA YA 4: KUSKANI
Swali andika ubaoni, projekta ikiwepo sawa isipokuwepo pia sawa. Wape muda wafikirie kimya. Halafu "kadi juu!" zote kwa pamoja. Wafundishe kushika pembeni kabisa, kidole kikigusa weusi kadi haisomeki, na wengi hupenda kuificha na kifua wenzao wasione kumbe na simu nayo haioni. Kwenye kioo cha simu yako majina yanatokea, kijani kapata, nyekundu kakosa. Hicho kioo usiwaonyeshe. Ukiwa na projekta onyesha grafu tu ya A wangapi B wangapi, majina yazime yasionekane, siku mtoto atakapochekwa kwa jina lake kuwa jekundu kuanzia hapo ataanza kuangalia jirani kanyanyua upande gani.

HATUA YA 5: WABISHANE, KISHA WARUDIE
Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, alianza kufundisha hivi mwaka 1991: swali, kila mtu ajibu peke yake, wabishane na jirani, wajibu tena lile lile. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, acha ubishi rudi ufundishe upya. Kati ya 30 na 70 waache wabishane. Zaidi ya 70 eleza kwa kifupi songa mbele. Ilianza na watu wa chuo lakini la sita inakwenda vizuri tu, tena hawa wanabisha zaidi.

Sasa pointi. Mimi natoa raundi ya PILI tu, nahesabu waliopata kwa kila mstari (ndio maana ya zile namba), naandika ubaoni. Kwa hiyo anayejua ana sababu ya kumwelewesha jirani, asipofanya hivyo mstari wake unapitwa. Dakika mbili hizo kelele zitakuwepo, mkuu wa shule akichungulia mwambie ni sehemu ya somo. Na kuwahi hakuna pointi, hapo ndipo naipendea kuliko Kahoot (chemsha bongo ya mtandaoni, watoto wanajibu kwa kubonyeza kwenye kifaa) kwenye hisabati, kule ukijibu haraka unapata nyingi zaidi basi watoto wanabonyeza kabla ya kukokotoa.

Nimemaliza, maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo, mimi nina watoto 97 darasa moja na umesema kadi mwisho 63, hao wengine wacheze na nini?
Jibu: Deski moja kadi moja mwalimu wangu. Namba unaipa deski, sio mtoto. Raundi ya kwanza kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari kabla ya kuongea na mwenzake, vinginevyo mjanja mmoja atajibu kwa niaba ya deski zima mwaka mzima.

Swali: Si watakopiana tu hawa, nawajua wangu
Jibu: Umbo la kila kadi ni tofauti, A ya jirani haifanani na A yake, na herufi ni ndogo kuzisoma kwa mbali. Kunong'onezana ndio kupo, hiyo simamia mwenyewe.

Swali: Simu yangu ya bei ya chini kamera ina ukungu, itasoma kweli? Na bando linaliwa kiasi gani?
Jibu: Kwanza futa kioo cha kamera na kitambaa, usicheke, nusu ya tatizo huwa hapo. Isiposoma kadi za watoto wa nyuma usisimame ubaoni, tembea mstari kwa mstari, zilizokwisha kusomwa hazipotei. Bando halitishi, haitumi video.

Swali: Naandika kutoka Kisumu, shule yetu ina tableti chache. Bado nitumie kadi?
Jibu: Kama tableti zinachaji dada yangu, Kahoot ina sehemu ya timu, kikundi kimoja kifaa kimoja, jaribu hiyo kwa historia au msamiati. Ila ongeza sekunde za kila swali. Hisabati baki na kadi.

Swali: Mimi sio mwalimu, ni mzazi tu nina wawili nyumbani wa miaka 5 na 8 na laptopu ya zamani, hii inanifaa?
Jibu: Hii hapana mama, kuskani kadi mbili utachoka mwenyewe. Tafuta GCompris, ni ya bure, ina michezo zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 mpaka 10, ukishaiweka inacheza bila intaneti. Huyo wa 5 muanzishie michezo ya kusogeza mausi na kuhesabu, huyo wa 8 kuna sataranji humo ndani. Kaa nao mwanzoni wakuulize, usiwaachie ukaenda jikoni.

Swali: wakigeuza kadi juu chini makusudi kuharibu?
Jibu: Hakuna juu chini, kila upande ni jibu. Kajibu herufi nyingine tu hapo.