Kuiandaa mashua ya tanga kabla ya kaskazi, kuanzia magadi hadi kushua

Mwezi wa Oktoba mwaka jana mpwa wangu alinunua mashua ya mita 8 iliyokuwa imekaa juu ya mchanga wa Nungwi tangu masika, akaniomba nimwongoze kuiandaa ili aanze kuvua kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikitulia. Tulipomaliza nikaona ni vyema niyaandike tuliyoyafanya, kwa sababu maswali aliyoniuliza ndiyo yale yale niliyoyajibu vibaya mwenyewe nilipokuwa na umri wake. Maelezo haya yanahusu chombo cha mbao zilizopigiliwa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Mwenye ngalawa ya gogo au boti ya faiba hatapata mengi hapa.

Wakati unaofaa ni maleleji, kusi (upepo wa kusini) inapokuwa imepungua nguvu na kaskazi haijaanza kuvuma. Kasoro ya majira haya ni mvua za vuli, kwa hiyo andaa turubai la kufunika chombo kizima, na usianze kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao kwa pamba, siku ambayo wingu limetanda.

Hatua ya 1: Kukikweza chombo na kukigadimu

Kikweze katika bamvua, yaani siku chache za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo kwetu Unguja maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katika siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, kwa hiyo asubuhi nzima ni ya kazi. Kosa la wengi ni kusimamisha gadi, yaani nguzo ya kuegemeza chombo kisilale, popote linapofika. Gadi lisimame mahali ambapo upande wa ndani pana taruma. Likisimama katikati ya ubao mtupu, uzito wa chombo utausukuma ubao ndani na kuufungua mshono ambao haukuwa na tatizo.

Hatua ya 2: Kusafisha na kuchoma

Kwangua mwani na vikombe vyote (magamba ya wanyama wadogo wa baharini) vilivyoganda chini ya mstari wa maji, osha, kisha acha pakauke. Baada ya hapo chukua makuti makavu, yafunge mafungu, uyawashe na kuyapitisha chini ya chombo bila kusimama mahali pamoja. Moto huu unawalenga wadudu wanaobungua mbao, ambao kwa kweli si wadudu bali ni jamaa wa chaza wenye mwili kama wa mnyoo. Huingia kwenye ubao kwa tundu dogo kama la sindano na kuula kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Ubao ukishapata joto kiasi kwamba huwezi kuuwekea kiganja, sogea. Kuchoma kutangulie kalafati daima, kwani pamba iliyokwisha kulowa mafuta hushika moto haraka, na ndoo mbili za maji ziwe karibu.

Hatua ya 3: Kukagua mbao na misumari

Dunga kila ubao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) na mahali fashini, gogo la mbele au la nyuma, inapoungana na mbao. Kisu kikizama bila kushindwa, ubao huo umekwisha na anahitajika fundi. Misumari iliyoliwa na kutu badilisha kwa ile iliyopakwa zinki, na kila mmoja uuzungushie uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kuupigilia.

Hatua ya 4: Kalafati

Hapa ndipo nitakapokaa kitako, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza karibu mwezi mzima wa msimu wangu wa kwanza.

Mwaka ule chombo changu kilikuwa kimekaa nchi kavu miezi minne na mishono yake ilikuwa wazi kiasi cha kupitisha mwanga. Dukani niliuzwa gundi nzito ya kuchanganya makopo mawili, ambayo hukauka ikawa ngumu kama jiwe. Niliijaza mishono yote mpaka usawa wa mbao, nikapiga msasa, na chombo kikang'aa kama sahani ya kauri. Nilikishua, yaani nilikiteremsha majini, siku ya mwisho ya bamvua. Ilipofika usiku wa manane maji yalikuwa yamefunika mataruma, na asubuhi vipande vya gundi vilielea kandokando kama maganda ya miwa. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba, hazikupata nafasi ya kwenda, zikaisukuma gundi nje. Pale gundi ilipokataa kutoka, ubao mmoja ulisukumana na mwenzake hadi ukang'oa misumari yake mitatu. Maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana, yalikuwa yameshaanza, kwa hiyo sikuweza kukirudisha chombo juu hadi bamvua iliyofuata, takriban wiki mbili, nami nilizipitisha nikifua maji ya ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, asubuhi na jioni.

Mzee mmoja mpiga kalafati alikuja kutazama, akaingiza ukucha kwenye mshono na kuniambia: "Mwanangu, umemkaba mtu koo halafu unamtaka ameze." Tangu siku ile sijatia kitu kigumu kwenye mshono wa mbao, na mpwa wangu nilimkataza hata kukileta pwani.

Njia ninayoiamini ni hii. Kwanza ondoa pamba kuukuu yote kwa kulabu nyembamba, bila kuacha hata ile inayoonekana bado nzima, kwa maana pamba mpya ikikaa juu ya iliyooza hushikilia siku chache tu. Usiupanue mshono kwa patasi kali ili kurahisisha kazi. Ukiukata ukingo wa ubao umeongeza pengo ambalo hutaweza kulirudisha.

Kisha andaa pamba. Chukua nyuzi laini zisizosokotwa sana, mbili kwa mshono mwembamba na tatu au nne kwa mpana, uzisokote kidogo juu ya paja, uzitumbukize kwenye mafuta ya nazi na kuzikamua mpaka zisidondoshe. Wapo wanaotumia mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, nami nawaachia wenyewe pamoja na panya watakaowafuata.

Weka uzi juu ya mshono na uuingize kwa chembeu (chuma bapa cha kalafati), si patasi, kwa sababu chembeu ni butu na hulaza pamba bila kuikata. Uzi usiingie ukiwa umenyooka. Kila upana wa kidole ukunje kidogo, usukume mkunjo ndani, kisha endelea. Mikunjo hiyo ndiyo inayoupa mshono akiba ubao unapovimba na unaposinyaa. Ukishamaliza urefu wa pima moja (mikono miwili iliyonyooshwa), rudi nyuma ukigonga kwa nyundo ya mti. Sikiliza: mwanzoni sauti ni nzito kama ya kugonga gunia, halafu hubadilika na kuwa kavu. Sauti ikikauka tu, acha. Mpwa wangu alikuwa na nguvu za ujana na alitaka kuendelea kugonga. Nilimwonyesha jinsi ubao wa jirani ulivyoanza kuinuka kwa unene wa kadi ya simu.

Baada ya hapo pamba iwe imezama chini ya uso wa ubao kiasi cha nusu ya unene wa kidole. "Mjomba, mbona tunaacha shimo?" aliniuliza, na lilikuwa swali zuri. Nafasi hiyo ni ya kujazwa kwa kitu laini peke yake, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta mpaka ishikane kama unga wa chapati, ambayo mbao zikivimba itajibana na kutokeza kidogo bila kupasua chochote.

Tahadhari nyingine ni ya mpangilio wa mishono. Usimalize upande mmoja wote ndipo uende wa pili. Piga mshono mmoja kushoto na mmoja kulia, ukianzia karibu na mkuku na kupanda juu. Mshono ulio kati ya mkuku na ubao wa kwanza ndio mgumu kufikiwa na ndio unaovuja mara nyingi, kwa hiyo ufanye asubuhi, mikono ikiwa haijachoka.

Mwisho, kabla ya kupaka chochote, mimina ndani ndoo chache za maji ya bahari, uingie chini na kipande cha mkaa kuweka alama kila panapotoka unyevu. Ndoo chache, narudia. Mbao zimejengwa kuzuia uzito wa maji ya nje, na ukikijaza chombo kikiwa juu ya magadi utaifungua mishono uliyoifunga jana.

Hatua ya 5: Deheni

Yeyusha shahamu ya ng'ombe kwa moto mdogo, changanya na chokaa iliyochujwa mpaka ipate uzito wa uji mzito, hiyo ndiyo deheni, na upake kwa kiganja ingali vuguvugu, chini ya mstari wa maji pekee. Rangi ya shaba hudumu zaidi na sina ubishi nayo, ila bei yake humshinda mvuvi. Juu ya mstari wa maji paka sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake ya papa huisha baada ya siku kadhaa, au pengine ni pua inayozoea.

Hatua ya 6: Tanga na kamba

Fua tanga kwa maji ya kisima, likauke kabisa, kisha shona panapofumuka kwa shazia (sindano kubwa ya matanga) na uzi uliopakwa nta. Sipendi maturubai ya plastiki ambayo vijana wanayageuza matanga, kwa sababu hayashiki umbo na jua huyachana msimu mmoja. Jarari, kamba ya kupandishia tanga, badilisha ukiiona imeanza kuota manyoya pale inapopita kwenye kapi (gurudumu la kamba), na funga upya maungio ya foromali, mti unaobeba tanga, hata kama yanaonekana imara.

Hatua ya 7: Kushua

Siku mbili kabla ya kushua, tandaza magunia ndani ya chombo na uyaloweshe kwa maji ya bahari asubuhi na jioni, ili mbao zianze kuvimba polepole. Yasiwe maji baridi ya kisima, maana hayo huozesha mbao. Shua mwanzoni mwa bamvua, wala si mwishoni kama nilivyofanya mimi, ili likitokea la kutokea ubakiwe na siku mbili tatu za kukirudisha chombo juu. Kitie nanga karibu, bila mlingoti wala mizigo, na watu wawili walale humo wakiwa na upo wa kufulia maji. Mashua ya mpwa wangu ilifuliwa mara sita usiku wa kwanza, mara mbili usiku wa pili, na usiku wa tatu waliamka alfajiri wakakuta ngama ina maji yasiyofika kifundoni. Asubuhi ile tukasimamisha mlingoti.